Siri, daftari, hataza, alama au mkataba: njia ipi italinda maarifa ya miti ya dawa?

Mtu mwenye maarifa ya mitishamba akiuliza hapa Nairobi namna ya kuyakinga yasinyakuliwe na kampuni, jibu analolipata mara nyingi ni moja tu: "Nenda ukasajili." Anayetoa ushauri huo kwa kawaida hasemi kinachosajiliwa ni nini, kinasajiliwa wapi, wala usajili huo unamzuia nani. Ofisi zenyewe haziko mbali. KIPI, inayotoa hataza (patent, yaani haki ya mvumbuzi) na kusajili alama za biashara, na NEMA, inayotoa vibali vya kuchukua rasilimali za kijenetiki, zote ziko upande wa Popo Road, South C. NACOSTI, inayotoa leseni za utafiti, iko Upper Kabete. Lakini kila ofisi ina kazi yake, na mwenye dawa anayeingia mlango usiomfaa anaweza kutoka akiwa ameacha siri yake mezani bila kupata ulinzi wowote.

Ulinganisho huu unapima njia tano ambazo mtu binafsi, familia, chama cha waganga au jamii nzima inaweza kuzifuata: kuyaweka maarifa kuwa siri, kuyaandikisha katika daftari la kaunti, kuomba hataza, kusajili alama ya biashara, na kufunga mkataba wa kugawana faida na mtafiti au kampuni. Maswali ya kuzipimia ni manne: njia hiyo inamzuia nani, inadumu kwa muda gani, inagharimu nini, na inakulazimu kufichua kiasi gani cha unachokijua. Swali la nne ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko mengine. Ada iliyolipwa bure huuma lakini husahaulika, na ulinzi ukiisha muda wake huenda ukapatikana mwingine, ilhali kipimo cha dawa kikishachapishwa au kuingia mtandaoni hakirudi tena nyumbani.

Kwanza, ni nani tayari anajua?

Kabla ya kulinganisha chochote, mwenye maarifa anapaswa kuamua yuko katika kundi lipi. Yako maarifa ambayo kila mtu anayo: kwamba majani ya mwarobaini huchemshwa kwa homa, au kwamba mshubiri hupakwa kwenye ngozi iliyoungua. Hayo hayana wa kumficha. Yako maarifa ya jamii nzima au ya jamii kadhaa kwa pamoja: gome la mti ambao Wamaasai huuita osokonoi na Wakikuyu huuita muthiga limetumiwa kwa kikohozi na maumivu ya tumbo vizazi kwa vizazi, na wachuuzi wa mitishamba mjini hulitandaza hadharani. Halafu yako maarifa yaliyomo mikononi mwa watu wachache sana: mchanganyiko wa mizizi fulani, uliochimbwa katika msimu fulani na kuchemshwa kwa namna fulani, unaojulikana na mzee mmoja na binti yake aliyemrithisha kazi. Watu huyachanganya makundi haya, wakafanya siri kile kinachouzwa kando ya barabara, kisha wakamsimulia mwanafunzi mwenye kinasa sauti kile ambacho hata majirani hawakijui.

Tofauti ya makundi haya si ya nadharia. Mti wa muiri, ambao wataalamu huuita *Prunus africana*, ulikuwa dawa ya jamii nyingi za nyanda za juu za Afrika kabla ya hataza ya dondoo la gome lake, kwa matibabu ya kuvimba kwa tezi dume, kutolewa Ulaya katika miaka ya 1960. Magome yaliyokaushwa yalisafirishwa kwa wingi kwenda huko, ya Kenya yakiwemo, na miti mingi ikafa kwa kuchunwa ovyo. Tangu 1995 biashara ya kimataifa ya mti huo inasimamiwa na mkataba wa CITES. Hatua hiyo iliulinda mti. Wazee waliojua kazi ya gome hawakutajwa popote, na kwa sababu maarifa yao yalikuwa yameenea kote, hakukuwa na mtu mmoja wala jamii moja ya kusimama na kudai.

Hataza na alama ya biashara

Nazilinganisha hizi mbili pamoja kwa sababu zote hupatikana KIPI na kwa sababu watu wengi huzidhani kuwa kitu kimoja. Hataza humpa mvumbuzi haki ya kumzuia mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi wake kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, alimradi aendelee kulipa ada ya kila mwaka. Kwa kubadilishana na haki hiyo, mvumbuzi hutakiwa kueleza uvumbuzi wake kikamilifu kiasi kwamba fundi wa taaluma hiyo aweze kuurudia, na maelezo hayo huchapishwa. Alama ya biashara hulinda jina, nembo au chapa ya bidhaa kwa miaka 10, na inaweza kufanywa upya kila inapomalizika pasipo kikomo. Haimtaki mwenye bidhaa aeleze hata jani moja lililomo ndani ya chupa.

Hataza hudai mambo matatu: upya, hatua ya uvumbuzi, na uwezekano wa kutumika viwandani. Sharti la upya ndilo linalowaangusha wengi, kwa kuwa dawa iliyotumiwa na nyanya yako mbele ya watu si mpya machoni pa sheria, hata kama haijawahi kuandikwa. Anayefaulu ni yule aliyeichukua dawa hiyo hadi maabara, akatenga kemikali iliyomo, akaonyesha namna mpya ya kuisafisha au kuichanganya. Kwa maneno mengine, mfumo huu humlipa aliyefika mwisho. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 ina mlango mdogo pembeni, yaani cheti cha ubunifu mdogo, ambacho hakidai hatua ya uvumbuzi na hudumu miaka 10 bila kufanywa upya. Kinaweza kumfaa aliyebuni kifaa au mbinu ya kukamulia mafuta, lakini nacho pia hudai upya.

Zipo kesi mbili ambazo kila mtu anayefikiria hataza anapaswa kuzijua. Mwezi Machi 1995, Marekani ilikipa Chuo Kikuu cha Mississippi, kupitia kituo chake cha tiba, hataza ya kutumia manjano kuponyesha vidonda. Baraza la utafiti wa kisayansi la India liliipinga likileta maandishi ya kale pamoja na makala zilizochapishwa katika karne ya 20, na hataza hiyo ikafutwa mwaka 1997. Kesi ya pili inahusu mwarobaini. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa mwaka 1994 hataza kwa kampuni ya W. R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani, juu ya njia ya kuua kuvu kwa mafuta ya mti huo. Ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupiliwa mbali Machi 2005. Tangu kutolewa hadi kuzikwa kabisa, ilichukua takriban miaka 11, mawakili na mashirika ya kimataifa nyuma ya walalamikaji. Chama cha waganga kutoka Kawangware hakina uwezo huo, na ni afadhali kisipange mkakati wake kwa kutegemea kushinda kesi Ulaya.

Hata hivyo kesi hizo zina somo ambalo halisemwi vya kutosha. Katika zote mbili, kilichoshinda ni ushahidi kwamba jambo lenyewe lilikuwa likijulikana hadharani. Hadi 2013, sheria ya Marekani haikuyahesabu matumizi ya nchi za nje ambayo hayakuwa yameandikwa. Maarifa yaliyobaki midomoni mwa watu wa Kitui au Baringo yalionekana huko kama hayapo. Kwa hiyo maarifa ya kundi la kwanza, yale ya kila mtu, hulindwa vyema zaidi kwa kuandikwa na kuchapishwa kwa tarehe inayothibitika, ili asitokee mtu wa kudai kwamba ameyavumbua. Kwa kundi la tatu ushauri ni kinyume kabisa, na hapo ndipo wanaharakati wengi wa "tuandike kila kitu" wanapokosea kwa nia njema.

Alama ya biashara haina makuu hayo, na ndiyo maana inadharauliwa. Mfano wetu bora uko Kakamega. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kilicho kando ya msitu wa Kakamega, kililima mmea wa jamii ya mrehani wenye harufu ya kafuri badala ya kuuchuma porini, kikakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua inayouzwa kwa jina la Naturub, kwa msaada wa kituo cha utafiti cha icipe kilichopo Kasarani hapa Nairobi. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna anayezuiwa kupanda mmea ule wala kuufukizia mafua. Kinachobaki mikononi mwa mwenye alama ni jina, na pamoja na jina huja ubora unaojulikana na mnunuzi anayerudi. Wanachama wengi wakitumia bidhaa zinazofanana, sheria inaruhusu pia alama ya pamoja inayosimamiwa na chama.

Udhaifu wake ni dhahiri: alama haimzuii mtu kuichukua dawa hiyo hiyo na kuiuza kwa jina jingine. Pia, jina likisajiliwa, bidhaa yenyewe bado inahitaji kupita kwenye Bodi ya Famasia na Sumu iwapo inadai kutibu maradhi, jambo ambalo wauzaji wengi hulikumbuka siku mizigo yao inapokamatwa. Lakini nikilinganisha gharama na faida, kwa dawa inayojulikana na jamii nzima na ambayo mtu anataka kuiuza mwenyewe, ningechagua alama mbele ya hataza bila kusita.

Siri na daftari

Siri ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na haistahili kudharauliwa kwa sababu tu haina stempu. Haina ada, haina muda wa kuisha, na haimfichulii mtu yeyote kitu. Waganga wengi waliihifadhi kwa kumteua mrithi mmoja, kwa viapo, na kwa kusaga dawa hadi mnunuzi asitambue kilichomo. Shida zake mbili zimezidi kuwa kubwa mjini. Ya kwanza ni urithi: mjukuu aliyekulia Umoja au Kayole hajui mti uko upande gani wa mlima, na mzee akiondoka, maarifa huondoka naye. Ya pili ni maabara, kwa maana mtu anayenunua chupa yako anaweza kuipeleka ikachambuliwa, na siri haimzuii yule aliyegundua jambo kwa njia yake mwenyewe. Tena, siku ya kwenda mahakamani, mwenye siri hana karatasi ya kuonyesha kwamba ndiye aliyeanza.

Daftari lilikusudiwa kuziba pengo hilo la ushahidi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na Ibara ya 69 inaitaka serikali ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu bioanuwai. Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Vielelezo vya Utamaduni, namba 33 ya mwaka 2016. Sheria hiyo inazikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuandikisha maarifa ya jamii zilizomo ndani ya mipaka yao, na inatarajia hifadhi ya kidijitali ya kitaifa chini ya bodi ya hakimiliki, KECOBO. Ulinzi wake hauishi baada ya miaka 20. Hudumu kadiri maarifa hayo yanavyoendelea kutimiza masharti ya kulindwa, yakiwemo kurithishwa kati ya vizazi na kuwa sehemu ya utambulisho wa jamii. Jamii ina haki ya kumkataza mtu yeyote kuyatumia kibiashara bila ridhaa yake iliyotolewa mapema na kwa ufahamu.

Jambo muhimu kuliko yote katika sheria hiyo ni kwamba haki haitegemei usajili. Ulinzi hauhitaji taratibu zozote rasmi. Daftari ni ushahidi wa haki iliyokwisha kuwepo. Hivyo ule ushauri wa "nenda ukasajili" si sahihi hata kisheria, na anayeambiwa kwamba asipoandikisha dawa yake leo ataipoteza anatishwa bure. Anayo nafasi ya kuuliza maswali kwanza.

Swali kubwa ni nani atakayelisoma daftari. Hapa watu hupenda kutaja maktaba ya kidijitali ya India, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo wachunguzi wa hataza wa ofisi mbalimbali, ile ya Ulaya ikiwa miongoni mwao, huipekua chini ya makubaliano ya kutotoa siri. Mfano huo ni mzuri lakini hautufai moja kwa moja. India ilikusanya yaliyomo katika vitabu vya kale vya Ayurveda, Unani na Siddha; ilichofanya ni kutafsiri na kupanga yale ambayo tayari yalikuwa yameandikwa na yangeweza kusomwa na yeyote mwenye kujua lugha hizo. Maarifa yetu mengi yamo vichwani. Kuyaingiza katika daftari ni kuyaandika kwa mara ya kwanza, na nakala ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa kabla yake hakukuwa na kitu cha kuiba.

Kwa sababu hiyo ningemshauri anayeandikisha maarifa ya kundi la tatu aandike mambo machache: jina la jamii au ukoo, jina la mti kwa lugha ya nyumbani, aina ya ugonjwa, na tarehe. Sehemu ya mti inayotumika, vipimo, mchanganyiko na muda wa kuchemsha vibaki nje, au vifungwe katika bahasha iliyopigwa lakiri kwa wakili. Afisa akisisitiza kwamba fomu haipokelewi bila maelezo kamili, hiyo ni sababu ya kuiacha fomu, siyo ya kuyajaza maelezo. Kwa maarifa ya kundi la pili hali ni nyepesi zaidi: yanajulikana tayari, kuyaandika kunaongeza ushahidi kuliko kunavyoongeza hatari, na jamii inayokaa kimya inaweza kukuta jirani ameandika peke yake. Osokonoi na muthiga ni mti mmoja. Ni busara wazee wa pande zote wakubaliane mapema kwamba madai ni ya pamoja, kuliko kuachia kaunti mbili zije zigombane mbele ya mwekezaji.

Mkataba wa kugawana faida

Njia nne zilizotangulia humkinga mtu na asiyemjua. Mkataba humfunga yule aliyekwisha kubisha hodi. Msingi wake ni Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, ambayo Kenya ni mwanachama wake. Kabla ya hapo tulikuwa na kanuni zetu za mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira: anayetaka kuchukua sampuli anahitaji kibali cha NEMA, na kibali hicho kinadai ridhaa ya wahusika pamoja na masharti yaliyokubaliwa na pande zote.

Ni lazima kutenganisha vitu viwili hapa. Kibali cha NEMA kinahusu rasilimali yenyewe, yaani jani, mbegu, gome au kijidudu. Sheria ya 2016 inahusu maarifa. Mwaka 1992 vijidudu vilichukuliwa kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, likiwemo Bogoria, na vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaingia katika viwanda vya sabuni na vya nguo za jinzi. Shirika la wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai haki mwaka 2004, miaka 12 baadaye. Hakuna mzee aliyeulizwa habari za vijidudu vile, kwa hiyo dai lilihusu rasilimali peke yake. Mgeni anapokuja na kuuliza "huu mti mnautumia kwa nini?", anachukua vyote viwili, na karatasi moja haimtoshi.

Sasa, mkataba wa namna gani? Kusini mwa Afrika kumetoa mifano miwili inayofaa kuwekwa sambamba. Wasan walitafuna mmea wa hoodia ili kuituliza njaa na kiu wakiwa mawindoni. Baraza la utafiti la Afrika Kusini, CSIR, lilichukua hataza ya kemikali yake katikati ya miaka ya 1990, likaipa leseni kampuni ya Phytopharm ya Uingereza mwaka 1997, ambayo nayo ilishirikiana na Pfizer, na yote hayo yakafanyika bila Wasan kushirikishwa. Baada ya kelele nyingi, mkataba ulitiwa saini mwaka 2003: Wasan wapewe asilimia 6 ya mrabaha utakaoingia CSIR, na asilimia 8 ya malipo ya hatua za utafiti. Kwenye karatasi ulikuwa ushindi wa kihistoria. Lakini mwaka huo huo Pfizer ilijiondoa, Unilever iliyokuja baadaye ikaacha mwaka 2008, na dawa haikufika sokoni. Asilimia 6 ya kitu kisichouzwa ni sifuri, na kilichowafikia Wasan ni yale malipo machache ya hatua za mwanzo.

Rooibos, majani yanayonywewa kama chai, yalichukua mkondo tofauti. Baada ya mazungumzo ya karibu miaka tisa, mwaka 2019 Wasan na Wakhoi walikubaliana na wafanyabiashara wa rooibos kwamba itatozwa asilimia 1.5 ya bei ya majani yanapotoka shambani. Kiwango ni kidogo kuliko cha hoodia, lakini kinatozwa kwa mazao yanayouzwa kila siku, tena mwanzoni kabisa mwa mnyororo wa biashara, ambako ni vigumu kwa mhasibu kuificha faida. Malipo ya kwanza yaliyotolewa mwaka 2022 yalizidi randi milioni 12. Nikiulizwa nichague kati ya asilimia kubwa ya faida ya mwisho na asilimia ndogo ya mauzo ya malighafi, nitachukua ya pili, nikiongezea ada ya kutia saini isiyorudishwa.

Kuna mfano wa tatu, wa Wakani wa Kerala nchini India, ambao walionyesha watafiti mmea unaoondoa uchovu. Taasisi iliyotengeneza dawa iitwayo Jeevani iliahidi kuwapa nusu ya ada ya leseni na nusu ya mrabaha, na mfuko wa amana ukaundwa mwaka 1997. Viwango hivyo havijawahi kuwa vya kawaida. Tatizo likaja kutoka ndani: waliotoa siri walikuwa watu wachache, na Wakani wa maeneo mengine walilalamika kwamba hawakuulizwa. Mkataba mnono uliosainiwa na watu watatu kwa niaba ya maelfu una nyufa tangu siku ya kwanza, na mwanasheria wa kampuni anajua hivyo.

Mkataba mpya wa Shirika la Mali Bunifu Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024, utawalazimu waombaji wa hataza kutaja nchi ilikotoka rasilimali na jamii iliyotoa maarifa. Ni hatua njema, lakini haitauhusu wizi wa zamani, na mwombaji aliyekaa kimya hatapokonywa hataza yake kirahisi isipokuwa kwa udanganyifu. Usiuhesabu kama ngao yako ya leo.

Mganga aliyeko Nairobi

Sheria zetu zinaifikiria jamii kama watu wa mahali pamoja wenye wazee wao na mipaka yao. Mganga wa Nairobi hafanani na picha hiyo. Alijifunza kwa nyanya yake Kitui, akaongeza mizizi aliyoelekezwa na jirani kutoka Vihiga, na sasa ni mwanachama wa chama chenye watu wa makabila kumi. Akitaka kuandikisha, kaunti gani itampokea? Akisaini mkataba, atasaini kwa niaba ya nani? Hili ndilo pengo kubwa ninaloliona katika utaratibu wote.

Jibu la kuridhisha zaidi nimeliona Bushbuckridge, Afrika Kusini. Mwaka 2009 waganga wa huko, wenye kusema lugha tofauti, walijiunga na kuandika itifaki yao wenyewe: wao ni nani, maarifa yao wanayamiliki vipi kwa pamoja, nani anaweza kuongea kwa niaba yao, na mgeni afuate hatua zipi kabla ya kuelezwa jambo. Hawakujitambulisha kwa kabila bali kwa kazi. Kampuni ya vipodozi ilipowaendea, ilitia saini kwanza makubaliano ya kutotoa siri, ndipo ikaonyeshwa mimea ya kufanyia majaribio. Hapa kwetu Waendorois wa Bogoria nao wameandaa itifaki ya namna hiyo, ingawa wao ni jamii ya mahali pamoja.

Kwa chama cha Nairobi, basi, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: itifaki iandikwe na ipitishwe katika mkutano wa wanachama wote kabla ya mazungumzo yoyote, jina la bidhaa lisajiliwe KIPI kama alama ya pamoja, dawa zinazojulikana na jamii nzima ziandikishwe katika kaunti za asili kwa makubaliano na wazee wa huko, na mchanganyiko wa mtu binafsi ubaki siri yake, asishurutishwe na mwenyekiti kuutoa. Hataza iachwe hadi atakapopatikana mshirika wa maabara aliye tayari kuwataja wanachama kama wamiliki wenza na kulipa ada mwenyewe.

Na mwanafunzi au mtafiti akija na kinasa sauti, aombwe mambo matatu kabla hajakiwasha: leseni yake ya NACOSTI, barua ya chuo inayosema sampuli na rekodi zitahifadhiwa wapi na nani atazisoma, na ahadi ya maandishi kwamba tasnifu haitataja vipimo bila idhini ya chama. Mtafiti wa kweli huwa nayo mawili ya kwanza mkobani, na la tatu anaweza kulisaini pale pale. Asiye nayo apewe chai na nakala ya itifaki, arudi siku nyingine.